Albamu Kuu Ndani ya Flashi ya Dereva

Albamu iliyosifiwa na wahakiki ni mkusanyiko wa nyimbo ambao watu wachache wameusikiliza mara nyingi wakiwa wameketi, na watu wengi wameusikia mara moja wakishughulika na jambo jingine. Maoni ya kundi la kwanza huandikwa. Ya kundi la pili husemwa kwa sauti kubwa, kwa kuwa spika iko karibu.

Katika Kaunti ya Kajiado, nchini Kenya, kundi hili la pili hupatikana kwa wingi kando ya barabara ya Namanga: ndani ya matatu, kwa kinyozi, kwenye vibanda vya chipsi, na kwenye baa za nyama choma ambako spika hukaa juu ya friji. Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo iliyojengwa kwa ajili ya kusikiliza. Kinyozi ana mashine inayonguruma, kibanda kina mafuta yanayochemka, na matatu ina makanga.

Matatu ndiyo maabara kubwa zaidi. Kutoka Kitengela, mji wa kaunti hiyo, hadi katikati ya Nairobi ni kilomita 30 hivi, safari ambayo barabara ikiwa wazi humalizika abiria akiwa hajapata hata usingizi, na ikijaa msongamano kuanzia Athi River hadi Mlolongo humpa nafasi ya kusikia albamu nzima, kuichoka, na kuisikia tena. Tuchukue mfano wa *What's Going On* ya mwimbaji Mmarekani Marvin Gaye. Ilitoka mwaka 1971, ina nyimbo 9, inachukua dakika 35 hivi, na mwaka 2020 jarida la Rolling Stone liliiweka namba moja katika orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote. Inamfuata askari anayerudi Marekani kutoka vita vya Vietnam na kukuta nchi imeharibika mikononi mwa walioachiwa. Nyimbo zake zimeungana. Moja haijazimika vizuri nyingine imeshaingia.

Sasa albamu hiyo ikiwekwa kwenye flashi, baadhi ya redio za magari hupanga nyimbo kwa alfabeti. Matokeo yake ni kwamba wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, huja wa saba, na ule wa mwisho, wenye majonzi ya maisha ya mjini, huja wa tatu. Askari analalamikia bei na kodi za nyumbani kabla hajashuka kwenye ndege. Penye maungio ya nyimbo husikika mkato, kama wa mtu aliyezibwa mdomo. Abiria wa kiti cha nyuma, ambaye hana habari ya Vietnam wala ya alfabeti, husikiliza kwa muda, kisha hutoa uamuzi wake: “Dere, si hizi nyimbo zote ni moja tu!” Asichojua ni kwamba amesema jambo lile lile ambalo wahakiki wamelisifu kwa miaka zaidi ya 50, ila yeye amelisema kama lalamiko.

Kwa kinyozi matatizo ni ya aina nyingine. *The Dark Side of the Moon* ya kundi la Pink Floyd kutoka Uingereza, ya mwaka 1973, huanza kwa kimya kinachopandishwa polepole na mapigo ya moyo. Kijana wa kazi akiiweka, maana mteja mmoja msomi ameiomba, kwanza hakuna kinachosikika. Anaongeza sauti. Hakuna kitu. Anaongeza hadi mwisho, anaipiga spika makofi mawili ya ubavuni, anachomoa waya na kuurudisha. Mteja amekaa na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu haijanyolewa. Mapigo yanapofika kwenye sikio la binadamu yanatikisa kioo, na mzee anayesubiri kwenye benchi anauliza kama jenereta ya jirani imeharibika. Dakika chache baadaye, wimbo wa nne unafunguka kwa saa za ukutani na kengele za kuamshia zinazolia zote kwa pamoja. Watu watano wanaingiza mikono mifukoni kutafuta simu. Mashine inateleza. Albamu hiyo imeuza mamilioni ya nakala duniani, lakini pale inakumbukwa kama “ile ya kumharibia mtu laini”.

Uamuzi wa msikilizaji wa kawaida una msamiati mfupi, na mgeni anaweza kuujifunza kwa siku moja. “Imetulia” maana yake ni kwamba haikumwudhi, na hataiomba tena. “Hiyo ni ya wazee” husemwa juu ya chochote kilichorekodiwa kabla msemaji hajazaliwa. Mzee mwenyewe husema “hizi ni kelele za vijana” juu ya chochote kilichofuata. “Ana sauti, lakini…” ni sentensi isiyomalizwa kamwe. Na “tuwekee ngoma inayojulikana” ni rufaa ya mwisho, ambayo dereva hukubali mara moja kwa kuwa hata yeye alikuwa ameanza kusinzia.

Kumlaumu msikilizaji huyu kwa kukosa subira kungekuwa kumsahau baba yake. Kenya ilikuzwa na santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizouzwa moja moja katika maduka ya River Road na Nairobi yote. Wimbo mrefu wa rumba ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Maneno yalikuwa upande wa kwanza, magitaa yalichanganya upande wa pili, na kulikuwa na nyumba ambazo upande wa kwanza ulibaki mpya kabisa. *Sina Makosa* ya Les Wanyika inakumbukwa na watu wasioweza kutaja albamu hata moja ya bendi hiyo, wala hawajioni kuwa wamepungukiwa. Hapa albamu ilikuja mara nyingi kama kapu la kukusanyia nyimbo zilizokwisha kupendwa. Wazo kwamba nyimbo ziandikwe zikae pamoja kama sura za kitabu, na kwamba kuruka moja ni dhambi, lilifika likiwa limechelewa, na bado linatafuta pa kukaa.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Sauti Sol, kundi la Kenya. *Live and Die in Afrika* ilipotoka mwaka 2015, kwanza iliwekwa kwenye intaneti watu waichukue bila malipo, jambo ambalo lilipaswa kuifanya isikilizwe mwanzo hadi mwisho. Kitengela iliichukua, ikaitawanya. *Sura Yako* ilikwenda kwenye harusi, ambako hadi leo wasimamizi huingia nayo ukumbini kwa hatua zilizofanyiwa mazoezi wiki mbili; *Kuliko Jana* ikaenda kwa kwaya za kanisani; *Nerea* ikabaki redioni. Ukimuuliza mama wa kamati ya harusi kuhusu albamu hiyo atasema haijui. Ukimwimbia, atasimama.

Kesi ngumu kuliko zote iko kusini zaidi ya Kitengela, mjini Kajiado. Mwaka 1993 mwanamuziki Mkenya Ayub Ogada alitoa *En Mana Kuoyo* kupitia Real World, kampuni ya muziki iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza. Ni albamu ya nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane, na wapenzi wa muziki wa dunia huitaja kwa heshima. Wimbo wake *Kothbiro*, maana yake mvua inakuja, ulitumiwa katika filamu *The Constant Gardener* ya mwaka 2005, filamu ambayo pia ililichukua Ziwa Magadi, lililo ndani ya Kajiado, na kuliigiza kama Ziwa Turkana. Kajiado basi ina hisa katika jambo hili, japo ilitajwa kwa jina la mwenzake.

Mchezee wimbo huo mfugaji mzee mjini Kajiado siku ya soko. Kwanza atauliza wenzake mwimbaji wako wapi. Si dharau: kwa Wamaasai olaranyani huanzisha wimbo na kundi humjibu kwa sauti za kooni, na mtu anayeimba karibu peke yake huku watu wapo anatia wasiwasi. Kisha atauliza anasema nini. Akiambiwa kwamba mvua inakuja, atatazama juu, kwa tabia ya mtu aliyezika ng'ombe katika ukame wa juzi, na kuuliza: “Amesema lini?”

Uhakiki wa maana kuliko swali hilo juu ya wimbo huo bado haujaandikwa. Baada ya hapo mzee hukaa kimya, fimbo katikati ya magoti, mpaka nyuzi zinyamaze. Hasemi imetulia, hasemi ina sauti lakini. Anamwambia kijana mwenye simu, “Rudisha hiyo ya mvua.” Kijana anabonyeza, kiduara kwenye kioo kinazunguka, kinazunguka. Bando imeisha.