Sifa za Mpunguza Mzigo

Katikati ya Dar es Salaam, Sanamu ya Askari imesimama tangu mwaka 1927 kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Bunduki iko mkononi na singe imeelekea upande wa bandari. Karibu karne nzima askari huyo anatishia upande uleule, na hajatishika mtu. Saitimira zinatoka, redio zinatoka, jeki zinatoka, matairi ya akiba yanatoka. Waliokufa wana haki yao ya kukumbukwa, sibishi. Ninachouliza ni kwa nini yule anayefanikiwa kila meli ya magari inapotia nanga hana hata uchochoro ulioitwa kwa jina lake. Leo nimlipe deni hilo mdokozi wa magari yanayotoka Japani, mtu mpole mwenye bisibisi ndogo, asiyegombana na yeyote.

Nianze na kiasi chake, maana siku hizi wenye kiasi ni wachache. Bahari ikitaka magari huchukua yote. Mwaka 2006 meli ya Cougar Ace ililala ubavu karibu na visiwa vya Aleutian ikiwa na Mazda mpya 4,703. Meli iliokolewa, lakini magari yote yaliishia kupondwa. Mwaka 2022 Felicity Ace iliwaka moto jirani na Azores, ikazama na magari yapatayo 4,000, Porsche na Bentley zikiwamo. Mdokozi wetu hajazamisha hata Vitz. Anaingia, anatazama, anachagua, anaacha. Anaweza kung'oa kioo cha kushoto akakuachia cha kulia ili njiani usikose kabisa pa kutazamia. Tairi analochukua ni lile la buti, lisilofanya kazi. Manne yanayofanya kazi anayaheshimu. Mafuta yenyewe hayakuwa mengi, kwa kuwa meli hizi hazitaki tangi lijae, naye hunyonya kile kidogo kilichopo ili gari lisipate uvivu wa kuendelea na safari bila kusukumwa.

Hata watu wa bima wanamtambua. Masharti ya bima ya mizigo ya London, yanayotumika karibu kila bandari, yana ngazi tatu: A, B na C. Ngazi C, iliyo nafuu kuliko zote, inalipa meli ikizama, ikiungua, ikigongana. Wizi haumo. Haumo hata kwenye B. Wazee wale walikaa mezani wakapima kila janga linaloweza kuupata mzigo baharini, wakaona huyu bwana hastahili kuitwa janga. Anayetaka kumkinga kwa lazima, na apande hadi A alipe zaidi.

Lakini sifa yake kubwa ni ujuzi. Katika safari nzima ya gari, watu wawili tu hulitazama kwa makini. Wa kwanza ni mkaguzi wa mnada kule Japani, ambaye huchora umbo la gari kwenye karatasi na kuliwekea alama: A1 ni mkwaruzo mdogo, U1 ni kibonyeo kidogo, W ni mahali palipokarabatiwa. Huyo huona hata palipopita ukucha. Wa pili ni mdokozi. Katikati yao kuna msururu wa waungwana wenye kalamu. Anayetoza nauli ya meli analijua gari kwa mita za ujazo. Forodha wanalijua kwa mwaka wa kutengenezwa na kodi yake. Wakala analijua kwa faili. Dereva wa gatini analijua kwa dakika zile za kulitoa melini hadi kulipaki, na kwa kuwa kila mkono lazima uliendeshe, ufunguo hubaki nalo muda wote, kutoka yadi ya Yokohama au Nagoya mpaka bandari kavu ya Dar es Salaam. Katika wote hao, ni mdokozi peke yake anayejua kibanio kipi kinashikilia paneli ya dashibodi, na waya upi utengwe kwanza. Anatoa redio bila kuacha mkwaruzo, wakati fundi wako wa mtaani akibadilisha balbu tu anakuvunjia plastiki tatu na kukurudishia skrubu mbili zilizobaki.

Na hiyo redio yenyewe, tuseme ukweli. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari ya huko hukomea 90. Stesheni zetu zimetawanyika kuanzia hapo 88 hadi 108, kwa hiyo redio uliyolipia inasikia ukingo tu wa maisha yetu. Juu yake kuna ramani inayoamini mpaka leo kwamba uko Chiba, ingawa umekwama Kimara. Halafu yupo yule mama. Kila mwenye gari la Japani anamfahamu: ukiwasha tu, anakukumbusha kwa Kijapani chenye adabu nyingi kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara, barabara ambazo hutazipita mpaka kiama. Watu wameishi naye miaka, wamesalimiana naye asubuhi, wengine wamemzoea kuliko wakwe zao. Anayekuja kumchukua huyo mama usiku, bila kudai hata nauli ya bodaboda, tunamwita mwizi.

Mbele ya dereva wa IT, hata hivyo, mdokozi ni mwanafunzi. Magari ya IT ndiyo yale yanayopita tu nchini kwenda Zambia, Malawi au Congo, yakiendeshwa kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Mwenye gari, aliyeko Lusaka au Lubumbashi, ana picha zake kwenye simu na anaamini kipenzi chake kinakuja taratibu, viti vikiwa bado na nailoni. Hajui kwamba tangu Mbezi gari limeshapata abiria wanne, Chalinze limeongeza mmoja na gunia, na kwamba kwa kuwa nauli yake ni ndogo kuliko ya basi na mwendo wake haupimiki, lina wapenzi wengi kuliko mwenyewe. Yale matuta ya Mikumi, yaliyowekwa ili wanyama wapite salama, limeyaruka yote kwa heshima moja. Gari lililopewa A1 tu mnadani linafika mpakani limeshazoezwa: injini imejua mlima wa Kitonga, viti vimejua uzito wa Mwafrika, na ndani kuna harufu ya dagaa ambayo hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuiweka. Mzambia akiona vumbi hufuta, akashukuru Mungu limefika.

Na wenye magari wakimtafuta mkosaji, ndipo utaona utukufu wa kazi ya mdokozi. Kanuni za Hague za mwaka 1924, zilizo msingi wa sheria za uchukuzi wa baharini katika nchi nyingi, zinamtaka mpokea mzigo alalamike kwa maandishi: papo hapo kama hasara inaonekana, au ndani ya siku 3 kama imejificha. Akikaa kimya, huhesabiwa kwamba amepokea kama ilivyoandikwa, mpaka athibitishe vingine. Sasa mpokeaji yuko Mwanza. Aliyepokea kwa niaba yake ni wakala, saa nane mchana, jua la utosi, ada ya yadi ikipanda kila siku, na getini wanataka sahihi. Anasaini. Wiki moja baadaye mwenye gari anakuta tundu la mraba kwenye dashibodi, na saitimira ya kushoto haipo. Anauliza. Japani wana picha, redio ipo. Meli inasema ilishusha kama ilivyopakia. Gati linasema lilipokea kama lilivyoshushwa. Bandari kavu wanasema vivyo hivyo. Wakala anasema, "Mzee wangu, ndivyo nilivyolikuta." Karatasi zote safi, sahihi zote halali, hakuna aliyesema uongo hata mmoja, na redio haipo. Watakatifu wengine wamepewa sikukuu kwa muujiza mdogo kuliko huo.

Kuna wanaomlaumu kwamba anavunja uaminifu. Uaminifu upi? Gari hilohilo huenda lilitembea kilomita 150,000, na mahali fulani njiani mtu nadhifu mwenye kompyuta akaifanya ile dashibodi iseme 60,000. Hapo zimeondoka kilomita 90,000 kwa mkupuo, na hakuna aliyeita polisi. Aliyeibiwa alipiga picha ya dashibodi akawaonyesha jamaa. Mdokozi huchukua kitu ambacho kesho utakiona hakipo. Yule mwingine alichukua umri, akaweka tabasamu.

Wala hachukui kwa ajili yake. Mdokozi hana gari. Hawezi kusikiliza redio sita kwa mpigo, na saitimira kumi na mbili hazimtoshi kichwani. Anatufanyia kazi sisi, watu wa heshima zetu, ambao tukisikia bei ya kioo kipya tunashusha sauti na kuuliza kama kipo cha mtumba, wala hatuombi risiti. Jijini tumejifunza kuchora namba ya gari kwenye vioo na taa, kila mmoja kwenye vya kwake, ili visiuzike. Gari la bandarini halijapata namba. Vioo vyake ni visafi, havina maandishi ya mtu, na ndiyo maana vinapendwa sokoni kuliko vyote.

Basi yule mwenye gari wa Mwanza anashauriwa na shemeji yake, anaingia mtaa wa vipuri. Duka ni dogo, limejaa mpaka juu.

"Kaka, saitimira ya IST, nyeupe, ya kushoto, ipo?"

Muuzaji hata rafu haitazami. "Bosi wangu, gari lako lilishuka lini?"

"Jumanne, wiki mbili zilizopita."

"Ahaa. Basi pita Jumatatu. Za meli hiyo bado hazijaletwa."