Mgongo kwa Bahari

Majabali ya Moher, magharibi mwa Ireland, yana mita 214 pale yalipoinuka zaidi, na chini yake Atlantiki inapiga bila kuomba radhi. Kwa mwaka hufika wageni zaidi ya milioni moja. Wengi huyapa mgongo.

Ndiyo, mgongo: simu juu, kidevu mbele, tabasamu la mgombea ubunge. Ukungu ukishuka, na hushuka upendavyo, picha hubaki ya koti la mvua na pua nyekundu, kiingilio kimeshalipwa. Mwaka 1835 Cornelius O'Brien, mwenye ardhi na mbunge, alijenga mnara pale ili wageni watazame mandhari. Maskini, kamera ya mbele hakuiota.

Bango la onyo lipo. Huegemewa vizuri sana.