Nauli ya Mbuzi

Suruali ingali inanuka. Imefuliwa kwa sabuni ya mche, ikaanikwa juani, ikageuzwa upande wa pili, na bado jirani akipita uani ananiuliza kama nimeanza kufuga. Sijafuga. Nilivushwa Mto Malagarasi ndani ya mtumbwi, ubavu kwa ubavu na mbuzi, naye kwa hofu akafanya alichofanya. Hilo ningelisamehe. Lisilosameheka ni kwamba tulipofika ng'ambo, mbele ya kina mama waliokuwa wakiosha vyombo, kijana mwenye mtumbwi alitutoza nauli sawa mimi na mbuzi. Na mwenye mbuzi akalalamika kuwa mnyama wake amebanwa.

Chanzo ni shemeji yangu aliyeko Ufaransa. Alituma picha akiwa kwenye mashua katika Canal du Midi, miguu juu ya meza, glasi mkononi, mashua ikienda mwendo wa mtu anayerudi kutoka sokoni. Chini yake akaandika: "Shemeji, nanyi Tabora mna njia ya misafara. Ifuateni hadi Ujiji polepole, kwa maji." Dada yake, ambaye ndiye mke wangu, akalichukulia kama agizo.

Ule mfereji, lakini, nauvulia kofia. Pierre-Paul Riquet aliuanza mwaka 1666, ukafunguliwa 1681, mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Urefu wake ni kilomita 240, na unapanda mlima. Maji hayapandi mlima, lakini mashua inapanda, na siri yote iko kwenye milango. Mashua huingia katika chumba cha mawe, mlango wa nyuma ukafungwa. Kisha hufunguliwa vitundu vya mbele, maji ya juu yakaingia taratibu, na mashua ikanyanyuka yenyewe bila abiria kuweka glasi chini. Maji ya ndani yakishalingana na ya juu, mlango wa mbele hufunguka bila ubishi, maana hakuna upande unaousukuma kuushinda mwingine. Tatizo ni kwamba kila mashua ikipita, chumba kizima cha maji kinateremka nayo, kwa hiyo kileleni lazima pawe na maji yasiyokauka. Riquet akavikusanya vijito vya Montagne Noire katika bwawa la Saint-Ferréol, akayaongoza maji hadi Naurouze, na hapo yakagawanyika: haya yashuke upande wa Atlantiki, yale upande wa Mediterania.

Nikapiga hesabu ya kwetu. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kama 770. Tungehitaji ngazi ya maji ya mita mia nne na ushee, ijazwe na mji ambao siku hizi hunywa maji ya Ziwa Victoria kwa bomba. Basi ikabaki Malagarasi.

"Daraja lipo, mzee," kijana aliniambia, akilionyesha kwa kidole. Nikamjibu kwamba ninatembea tu, kujipumzisha. Akanipima kwa macho, kwanza urefu, halafu upana, na upana ukamchukua muda zaidi. "Abiria hukaa," akasema. "Mzigo hulala. Wewe utalala."

Nilimchukia mpaka nilipolala, ndipo nikaona elimu iliyomo. Mtumbwi ule ni gogo moja lililochongwa, tumbo la mviringo, hauna mkuku. Maji hukisukuma chombo kwenda juu, na msukumo huo hukaa katikati ya sehemu iliyozama. Chombo kikiinamia kulia, sehemu iliyozama huongezeka kulia, msukumo nao huhamia huko na kukirudisha sawa. Mashua pana ya shemeji ina uwanja mkubwa wa kuhamishia msukumo, kiasi kwamba mtu anaweza kucheza rumba ukingoni. Mtumbwi mwembamba una uwanja wa kiganja. Hapo kimo cha uzito ndicho huamua. Uzito ukilala sakafuni, msukumo huwahi kuurudisha. Ukikaa wima, kifua na kichwa juu, mtumbwi ukiinama kidogo tu uzito huupita msukumo, na tangu hapo maji yenyewe husaidia kupindua. Kijana hakuhitaji maneno yote hayo. Alisema, "Kichwa chako ndicho kitakachotuzamisha." Yeye alisimama nyuma na pondo lake, magoti yakicheza, akiusikia mto kwa nyayo.

Nikalazwa chali, nikapewa kopo la kukumbia maji ili nisikae bure. Mbuzi akalazwa kando yangu, miguu imefungwa. Mimi sikufungwa, na hiyo ndiyo heshima pekee niliyoipata siku ile. Katikati ya mto pondo likanasa topeni. Kijana akalivuta, mtumbwi ukazunguka, mkondo ukatusogeza kwenye mafunjo, na maji yakachungulia ukingoni. "Msitikisike," alisema kwa upole, akituhutubia sote wawili. Mimi nilitii. Mwenzangu ndipo alipolegea.

Nikiwa chini pale nilimkumbuka punda wa Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu. Mwaka 1871, katika mto huohuo, msafara ulipokwisha kulipa hongo ya kuvuka, punda mmoja alivutwa majini kwa kamba shingoni, akanyakuliwa na mamba. Aliitwa Simba. Kama jina lile halikumsaidia, langu lingenisaidia nini? Nikaendelea kukumba.

Mengine yalikuwa madogo. Kiatu cha kushoto kilibaki topeni. Uvinza nilinunua chumvi, mvua ikaila. Ujiji nilipumzika chini ya mwembe, ndege akanikaribisha.

Hasira ilinipandia hapohapo Ujiji, shemeji aliponiandikia: "Raha, eh?" Nikakumbuka kwamba mwaka 1876 Stanley yuleyule alilizunguka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji kwa mashua yake, Lady Alice. Mashua hiyo ilifikaje? Iliundwa kwa vipande, wapagazi wakaibeba kutoka Bagamoyo, porini na milimani. Kule kwa shemeji chombo hubeba mtu. Kwetu watu walibeba chombo. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika frasila mbili, kama kilo 32, za pembe kwenda pwani au za nguo kurudi bara, na juu ya hizo mkeka wake na chungu chake. Mwaka 1872 mmisionari Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, miezi kadhaa akisubiri wapagazi, kwa kuwa bila wao hakuwa na pa kwenda. Leo tembe alimokaa ni makumbusho, na jina lake ni la aliyesubiri. Riquet naye ana sanamu Béziers, ingawa mfereji alichimbiwa na maelfu. Kumbe huko na huku anayekumbukwa ni aliyekaa. Tofauti ni kwamba wachimbaji wa kule waliacha kitu ambacho wajukuu wanakiegemea wakinyoosha miguu, lakini jasho la wapagazi wetu liliishia mgongoni mwao, na faida ikapanda jahazi.

Nikamwandikia shemeji yote haya, ujumbe mrefu wenye miaka, kilo na majina. Akanirudishia dole gumba.