Bata Hana Kosa

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mpuliza saksafoni akikosa noti husingizia kiwanda. Noti ya chini ikitoka na sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango, atalishusha domo la bata, yaani saksafoni yake, kifuani, alitazame kwa majonzi kama mgeni aliyepitisha siku ya tatu bila kupewa jembe, kisha atoe simu mfukoni aanze kuulizia bei ya jingine. Kabla kiitikio hakijaisha, ameshachagua rangi. Simlaumu kwa kusikia kasoro. Kasoro ipo, na hata wapika pilau nyuma ya ukumbi wameisikia. Ninachobisha ni mahali anakopeleka mashtaka. Mara nyingi domo linalodaiwa kuchoka halijachoka, linavuja tu, na fedha anazotaka kuzipeleka dukani zingeanzia kwa fundi, nyingi zingerudi nyumbani.

Ukiivua saksafoni mng'aro wake, ambao kwa kawaida ni vanishi wala si dhahabu, unabaki na bomba la shaba iliyochanganywa na zinki, jembamba juu na pana chini, lenye matundu zaidi ya 20. Ndivyo Mbelgiji Adolphe Sax alivyolibuni na kulipatia hataza mjini Paris mwaka 1846, na tangu hapo matundu yameongezeka kidogo, hayajapungua. Kila tundu lina kifuniko, na chini ya kifuniko kuna pedi ya felti iliyovikwa ngozi. Ili noti ya chini kabisa itoke, vifuniko vyote hivyo sharti vizibe kwa pamoja. Ni nyumba yenye milango zaidi ya 20 ambayo haipati usingizi mpaka yote ifungwe. Mlango mmoja ukibaki wazi kwa unene wa karatasi, hewa inatoka, na kadiri tundu linalovuja lilivyo juu ndivyo noti nyingi zaidi zilizo chini yake zinavyoharibika. Hapo mpulizaji hujibu kwa nguvu. Anakamua vitufe kama fundi wa matairi, mishipa ya shingo inamsimama, na kifaa kinazidi kulia mbuzi. Kule pwani mambo huenda mbio zaidi, maana hewa ya chumvi ya Mombasa au Dar es Salaam hutia kutu springi za chuma, na ngozi za pedi hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, hadi zinakuwa ngumu kama kandambili iliyosahauliwa juani. Juu ya hayo kuna soda. Mpulizaji wa harusini huletewa soda kati ya wimbo na wimbo, naye hupuliza sukari ile moja kwa moja ndani ya bomba. Pedi hugandia matundu yake kimyakimya, zikingoja sala ya kuwaombea maharusi ndipo zibanduke kwa mlio wa busu ambao bwana harusi hakuutoa.

Utabibu wa kienyeji haukosekani, nami siudharau. Raba bendi iliyokuwa ikifunga fungu la mchicha imeokoa harusi nyingi kwa kushikilia springi iliyolegea. Utepe mweupe wa fundi bomba, ukizungushwa shingoni mwa saksafoni mahali kizibo kilipochakaa, huzuia mdomo wa kupulizia usicheze kama jino la mtoto wa miaka sita. Wapo wanaobana noti ya benki chini ya pedi inayonata na kuivuta taratibu, na huenda hiyo ndiyo fedha pekee inayoingia kwenye muziki na kurudi mfukoni siku hiyohiyo, ingawa noti zetu zilivyo, pedi hutoka chafu kuliko ilivyoingia. Lakini raba bendi ni mkongojo, na mgonjwa akitembelea mkongojo miaka mitatu jamaa husahau kwamba mguu ulikuwa na dawa. Fundi huingiza kitaa kidogo ndani ya bomba kwenye chumba chenye giza, anafunga vifuniko kimoja kimoja, na mwanga ukipenya pembeni mwa pedi amempata mwizi. Atapasha moto gundi iliyoishika pedi aisawazishe, au aweke mpya; atakaza skrubu ndogo mbili tatu ambazo mwenye chombo aliziona siku zote akadhani ni mapambo; atabadilisha kizibo cha shingo. Kazi hiyo, hata ikifanywa yote, ni sehemu ndogo ya bei ya saksafoni mpya ya heshima.

Baada ya uvujaji huja ulimi, na hapa ndipo uchumi wa wapulizaji unaponishinda kabisa. Kinachotetemeka na kuzaa sauti ni kipande cha tete aina ya Arundo donax, na matete yenye sifa hukuzwa katika jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Ni mmea, unachoka na kufa kama mimea mingine. Hata hivyo yupo mtu aliye tayari kukopa kwenye chama anunue saksafoni mpya, huku akipulizia ulimi uliopasuka ncha tangu awamu iliyopita. Angekuwa na ndimi tatu nne za kuzungusha, akazikausha juu ya kitu bapa badala ya kuziacha zikunjamane kwenye mdomo, angedhani amebadilishiwa chombo usiku. Mdomo nao una lake. Nafasi kati ya ncha yake na ncha ya ulimi, kwenye saksafoni nyingi za alto, ni kama milimita 2 hivi, na tofauti ya unywele tu midomo ya mpulizaji huitambua. Mdomo uliopindika uso unaweza kusawazishwa na mtaalamu. Mwenye msasa na ujasiri tu aendelee kupiga rangi madirisha. Na tahadhari: duka lina mlango wa nyuma. Mtu akishaapa kutonunua saksafoni, huuziwa kibano cha ulimi kilichopakwa dhahabu na skrubu nzito ya shingo inayosemekana kunenepesha sauti, na pedi ileile bado inavuja.

Nitaambiwa kwamba magwiji walipuliza vyombo vya magwiji. Ni kweli wapo wanaoisaka saksafoni ya Selmer Mark VI, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1954, na hawatosheki nayo mpaka iwe ya namba ya kiwandani yenye tarakimu tano, kama watu wanaotafuta simu ya namba nzuri. Ni chombo bora, sibishi. Ila tarehe 15 Mei 1953, katika ukumbi wa Massey Hall mjini Toronto, gwiji wa jazz Charlie Parker alisimama na Dizzy Gillespie akiwa na alto ya plastiki aina ya Grafton, ya Uingereza, na rekodi ya usiku ule bado inauzwa. Ushahidi huu haumpi kila mtu ruhusa ya kupuliza plastiki, kwa sababu wengi wetu si Parker, na Grafton yenyewe ilikuwa ngumu kutengenezeka. Unaonyesha tu kwamba sikio halisomi chapa. Waliocheza rumba ya bendi ya OK Jazz miaka ya 1960, Verckys Kiamuangana akilipuliza domo la bata nyuma ya Franco, hawakumsimamisha aonyeshe namba.

Pingamizi lenye uzito ni la saksafoni za bei ya chee ambazo vitufe vyake hupinda kwa kubonyezwa kama kijiko cha bati. Hizo nakubali: fundi akizisawazisha asubuhi, jioni zimeshapotoka, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla hajapokea senti. La pili ni kwamba mafundi wenyewe ni wachache, pedi huagizwa nje, na mji mzima unaweza kumtegemea mzee mmoja anayetengeneza pia redio. Hilo linauma, lakini duka haliliponyi. Saksafoni mpya nayo ina pedi za ngozi, husafiri ndani ya kontena, hugongwagongwa, na huweza kufika ikivuja kama ile ya kwanza, ila yenyewe inavuja ndani ya kasha la mahameli. Itamhitaji mzee yuleyule wa redio. Itakutana na chumvi ileile ya bahari, na harusi ya kwanza kabisa, baada ya wimbo wa pili, mhudumu atapita na trei ya soda.