Mbuyu Katika Nyumba ya Kupanga

Katika miti yote ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia kuota katika ardhi ya Afrika, sidhani kama upo unaomdai binadamu kidogo kuliko mbuyu. Hautaki mbolea, hauombi kupaliliwa, wala haunung'uniki. Kiangazi kinachounguza mahindi na kukondesha ng'ombe, wenyewe hukipitisha kwa kupukutisha majani yake na kukaa kimya, maji ya akiba yakiwa yamehifadhiwa ndani ya shina, na mvua zikirejea huchipua kana kwamba hapakutokea neno. Kwa hiyo mtu mvivu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye riziki imemleta Nairobi na ambaye anatamani kuona dirishani mwake mti wa kwao, akifanya hesabu zake vyema ataona kuwa mbuyu ndio mti uliomfaa tangu azali. Jambo ambalo halimo katika hesabu hiyo ni majirani.

Nakaa katika ploti iliyo mpakani mwa Lavington na Kawangware, mahali ambapo upande mmoja wa barabara nyasi hukatwa kwa mashine na upande wa pili hukatwa na mbuzi. Nyumba zetu zimeegemeana ukuta kwa ukuta. Mfereji wa maji ni mmoja, kamba za kuanikia nguo ni za shirika, na habari za kila mtu ni za shirika vile vile. Jiji lenyewe liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mbuyu wenye akili timamu haupendi kupanda mpaka huku. Makao yake ni Kilifi, Kwale na Mombasa, ambako pale Mama Ngina imesimama mibuyu inayowatisha watoto hata leo. Na msafiri anayekuja bara huiona tena Mtito Andei na Kibwezi, imejipanga kandokando ya njia kama wazee waliomsindikiza mgeni mpaka mwisho wa shamba lao, wasikubali kuongeza hata hatua moja.

Kilimo cha mibuyu katika ploti yetu hakikuanzishwa na mimi, bali na wanangu na wenzao. Walikuwa wakinunua mabuyu dukani, yale mekundu yanayopaka rangi ulimi, meno na kola ya shati la shule, wakayafyonza mpaka yakabaki mbegu tupu, wakazizika kwa taadhima chini ya ukuta na kuzichunga asubuhi na jioni. Watoto hawa hawakujua, wala sikuwa na moyo wa kuwaambia, kwamba mabuyu hupikwa katika sufuria ya sukari inayotokota pamoja na rangi na iliki, na kwamba mbegu iliyopitia tanuri hilo haina tamaa tena na dunia. Halikuchipua lolote isipokuwa siafu na sisimizi, ambao walikuja kwa wingi kutoka pande zote mbili za barabara, bila ya kubagua Lavington wala Kawangware.

Na hapa pana kichekesho cha maumbile. Mbegu mbichi ya mbuyu ina ganda gumu mno, hata porini ambako tembo na nyani hula matunda na kuzisambaza mbali, yaweza kukaa ardhini muda mrefu pasipo kushughulika. Na anayetaka kuiharakisha huimiminia maji yaliyochemka, akaiacha humo usiku kucha, ndipo ganda likalainika. Maana yake ni kwamba maji ya moto huiamsha na sukari ya moto huizika. Shangazi yangu wa Mombasa, ambaye hajasoma vitabu vya elimu ya mimea lakini mimea humtii, alifanya hivyo, akaotesha mche katika kopo la mafuta ya kupikia, na ulipopata urefu wa dhiraa moja akanipelekea kwa basi la usiku, pamoja na salamu na chupa ya achari.

Niliupokea katika ofisi ya basi huko River Road alfajiri moja ya mwaka 2022, nikautia kwapani, nikaupitisha Mtaa wa Tom Mboya katikati ya watu waendao kazini, mpaka kwenye matatu za nambari 46. Makanga alitutazama sote wawili toka juu mpaka chini.

"Mzee, huo mti utalipa."

"Nitaupakata, mwanangu. Hesabu ni mtoto."

"Mtoto hagusi dari. Ni mti gani?"

Nilipomjibu kuwa ni mbuyu, abiria mmoja aliyekuwa amelala huku mdomo u wazi alizindukana, akauliza kama nina habari kwamba mibuyu ni makao ya majini. Baada ya hapo gari likagawanyika madhehebu mawili. Waliokaa mbele walishika kuwa jini hawezi kukaa katika mche, kwa kuwa hana pa kunyoosha miguu. Waliokaa nyuma wakajibu kwamba hata jini huanza mdogo, naye huchagua nyumba changa ili wakue pamoja. Mama mmoja wa Kitui alisema kwa sauti ya kukata shauri kuwa kwao watu hula matunda ya miti hiyo tangu utotoni na hakuna aliyepagawa isipokuwa shemeji yake, ambaye ni mlevi. Dereva aliamua kesi kwa kufungulia muziki. Tulipofika Hurlingham yule abiria wa kwanza aliteremka, ingawa nauli yake ilikuwa ya kufika Kawangware. Nami nikalipa za watu wawili.

Mwaka huo huo, nakumbuka, magazeti yalijaa habari za mibuyu mizima ya Kilifi iliyochimbuliwa kwa matingatinga ili ipakiwe melini na kupelekwa nchi ya Georgia, kwenye bustani moja iliyo kando ya Bahari Nyeusi, mpaka Rais akaamuru uchunguzi ufanywe juu ya vibali vyake. Wengi walikasirika, nami nilikasirika pamoja nao. Lakini mbali na ghadhabu ya uzalendo nilikuwa na donge langu la faragha, kwamba mbuyu wa tani nyingi ulikuwa umetafutiwa safari ya kuvuka bahari, ilhali wangu, wa kopo, ulinyimwa nafasi katika matatu mpaka ulipiwe kiti.

Katika ploti mche ulipokewa kwa heshima na kwa shaka. Majani ya mbuyu mchanga hutoka mojamoja, marefu na mateketeke, hayafanani na yale ya mbuyu mzima yatokayo matanomatano katika kikonyo kimoja. Kwa hiyo kila mtu aliyewahi kuona picha ya mbuyu alitambua papo hapo kuwa nimetapeliwa. Fundi wa viatu wa pale langoni alisema ni mparachichi. Jirani wa kulia alisema ni makadamia, akaniusia nisiuze karanga zake kwa madalali. Na wageni, wote bila ya kubakiza, walikuwa wakiinama, wakiugusa kwa kidole, wakisema, kwa sauti ya mtu aliyeitunga methali hiyo usiku uliopita, kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha. Nilijifunza kucheka kila mara kama niliyeisikia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa adabu ni adabu.

Taabu ilianza mwezi wa Juni. Baridi ya Nairobi, ambayo wenyeji huisifu na sisi watu wa pwani huivumilia tumevaa soksi kitandani, iliupiga mche ule mpaka majani yakageuka manjano, yakadondoka, ukabaki ufito mmoja umesimama ndani ya kopo. Hiyo ndiyo tabia yake. Mbuyu ukiona hali ya hewa haina insafu hulala usingizi, na mtu aliye na akili hupunguza maji karibu ya kuyakata, kwa sababu mzizi wake mnene, uliojaa unyevu, ukiachwa katika baridi na tope huoza. Ama dawa ya wakati huo ni kuusahau. Lakini katika ploti ya kupanga, yenye watu wema, kusahauliwa ni jambo gumu kulipata.

Walianza kuuhurumia. Mama wa nyumba ya tatu aliumwagia maji ya kuoshea mchele, yenye nguvu. Mwanafunzi wa chuo aliumwagia chai iliyobaki. Bawabu wetu, mtu mwenye moyo wa dhahabu, aliyehuzunika kuuona ukikesha naye uani peke yao, alikuwa akiutilia maji kila usiku wa manane, wakati ambao hapana wa kumzuia. Nilibandika karatasi yenye herufi kubwa, USIUMWAGIE MAJI, na kesho yake nikapata ujumbe wa watu watatu mlangoni, waliokuja kunisaili kwa upole kama nina matatizo nyumbani, kwa maana si kawaida ya mtu mwenye amani kuunyima maji mti uliofiwa na majani yake.

Niliwaambia kwamba haujafa. Wakataka burhani. Nikainama, nikakwaruza gamba la shina kwa ncha ya ukucha, nao wakaona kijani kibichi kilichojificha chini yake, kwa sababu ngozi ya mbuyu huendelea na kazi ya majani hata majani yasipokuwapo. Walistaajabu sana, wakaenda zao wakieneza habari. Na tangu siku hiyo kila aliyepita kwenda bafuni, mkubwa kwa mdogo, aliona ni wajibu wake kukwaruza kidogo ili ajiridhishe kuwa mgonjwa yu hai. Kufikia Agosti mche ulikuwa na makovu tangu shingoni mpaka kifundoni. Hapo nikauingiza ndani, nikauweka nyuma ya kabati, nikatangaza kuwa umepelekwa kwa mtaalamu Muguga, ambako kweli kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu. Watu walitulia. Bawabu aliuliza kama wanaruhusu kutembelewa.

Mvua za vuli zilipoanza niliurudisha uani, na baada ya siku chache ulitoa majani mapya, laini, yanayong'aa, nami nikawa natembea kwa majivuno nisiyoyastahili, kwani mbuyu ulichipua kwa hiari yake. Ndipo alipotutembelea mama mkwe kutoka Kilifi.

Sasa, mkwe haulizwi. Alifika, akapumzika, akatoka uani asubuhi nikiwa kazini mjini, akauona mbuyu, akafurahi kupita kiasi kwamba mkwewe, ingawa anaishi ugenini, amekumbuka kupanda mboga ya nyumbani. Maana majani machanga ya mbuyu huliwa, na huko alikolelewa si jambo la kushangaza. Niliporudi jioni nilikuta meza imeandaliwa, sima imefunikwa, na katika bakuli kitu cha kijani kinachoteleza, kimeungwa kwa tui zito la nazi.

"Karibu, mwanangu," aliniambia. "Nimeona umeniwekea mboga. Mungu akuzidishie. Ila ni chache, ilinibidi nichanganye na mchicha."

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza kabla sijapata kutazama dirishani. Nikasema, "Ahsante, Mama," nikala. Nakiri kwa insafu kwamba ilikuwa tamu, laini, yenye uzito wa bamia. Na alipouliza kama niongezewe niliongezewa, kwa kuwa mti ukishafika bakulini heshima pekee iliyobaki ni kuumaliza. Wakati huo wote nilikuwa nikiogopa jambo moja tu, asije mtu akaitaja ile methali. Mwanangu mdogo aliitaja.

Ufito ulibaki mtupu kwa mara ya pili, na majirani wakaniangalia kwa jicho jipya, lakini mbuyu hauna kinyongo. Shina lake likibanduliwa magamba kwa ajili ya kusokota kamba hujivika mengine, sembuse kunyang'anywa majani machache na mwanamke mwenye nia njema. Ulichipua tena, ukanenepa kwa chini, na mwaka uliofuata niliutoa katika kopo na kuupanda ardhini kando ya ukuta wa nyuma. Yule mama wa nyumba ya tatu, kwa wema ule ule wa maji ya mchele, alimpigia simu mwenye nyumba kumpa habari njema.

Mwenye nyumba alikuja Jumapili, amechukua tepu ya fundi.

"Ustadh," akasema, "nimeambiwa mti huu utakula nyumba yangu."

Nilimtuliza kwa elimu, na huenda elimu ilizidi. Nilimweleza kwamba Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, miaka ishirini na kitu baadaye alipokuwa akisafiri nchi ya Mali aliona mti mkubwa wenye uvungu ambamo mfumaji alikuwa ameweka kitanda chake cha mfumi na kufanya kazi humo ndani. Mwenye nyumba alipima kwa macho umbali wa ukuta. Nikamweleza kuwa hana haja ya kuwa na haraka, kwa sababu wataalamu waliotangaza utafiti wao mwaka 2018 walikuta kuwa mbuyu mmoja wa Zimbabwe, uitwao Panke, uliishi miaka ipatayo 2,450 kabla ya kuanguka.

"Na wewe," akauliza, "notisi yako ni ya mwezi mmoja?"

Nikasema ndiyo.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika nyuma ya risiti ya kodi masharti ya ziada: kwamba mpangaji akihama atauondoa mbuyu na kuuacha ukuta jinsi alivyoukuta, na kwamba mpaka siku hiyo matunda yatagawanywa nusu kwa nusu. Nilimwambia kwa uaminifu kuwa mbuyu mara nyingi hukaa miaka kumi na tano au ishirini kabla ya kutoa ua la kwanza, na kwamba ua lenyewe hufunguka magharibi likingojea popo ndio waje kulizalisha. Alifikiri kitambo, kalamu ikiwa hewani, akaniuliza kama popo hao huja wenyewe ama hutafutwa. Nikasema aghalabu huja wenyewe. Akaandika kwamba wasipokuja watatafutwa na mpangaji, kwa gharama zake.

Tukatia saini. Bawabu aliitwa awe shahidi. Akaweka chini ndoo ya maji aliyokuwa akiipeleka nyuma ya nyumba, akajifuta mikono, akatia dole gumba.