Maua Marefu ya Mama Mdogo

Mpambaji alitaja bei ya ua moja la mezani kwa sauti ya mtu anayeuza fungu la mchicha, na hapo ndipo Mama Mdogo alipokasirika. Kamati nzima ya harusi ilikuwa imekaa barazani kwetu Tabata, soda zimefunguliwa, simu ya mpambaji inapita mkono kwa mkono ikiwa na picha: shina jembamba la chuma, na juu yake mpira mkubwa wa mawaridi meupe. "Mara kumi na tano," mpambaji akamalizia. Mweka hazina akavua miwani. Mama Mdogo akauliza, "Hilo ni ua tu, au na kiwanja chake?"

Watu walicheka, mpambaji hakucheka. Kabla kikao hakijafungwa kamati ilikwisha kuamua, yaani Mama Mdogo alikwisha kuamua, kwamba maua ya harusi ya dada yangu yatatengenezwa nyumbani na mikono yetu wenyewe. Kaka wa bibi harusi, ndiye mimi, akapewa cheo cha kubeba.

Urefu wenyewe haukuwa ulimbukeni. Ukumbi ulikuwa na dari ya juu sana, na katika ukumbi wa namna hiyo maua mafupi humezwa. Mgeni anaingia mlangoni, anaona vitambaa vyeupe na viti basi. Wageni walikuwa 300, meza 30 za duara, watu kumi kumi. Mama Mdogo, ambaye hajawahi kusomea mapambo lakini amesomea kubana matumizi, alikuwa amekwisha kusema meza moja iwekwe ua refu, inayofuata ua fupi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wapambaji wenye ujuzi wao hufanya hivyo kwa makusudi: jicho linapanda na kushuka, ukumbi unachangamka, na mfuko unapata pa kupumulia.

Baba ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na kustaafu hakujamfunga mdomo. Aliweka kiwiko juu ya meza, akanyoosha mkono juu. "Ua fupi lisipite kifundo cha mkono. Hapa ni kama sentimita 30, 35. Ua refu mawaridi yake yaanzie juu ya utosi wa mtu aliyekaa, yaani sentimita 60 kutoka mezani na kuendelea. Hapo katikati ni mahali pa macho. Msiweke kitu hapo isipokuwa fimbo."

Alisema kweli. Katika harusi zetu mgeni hakai kumtazama mwenzake wa meza tu. Anageuza shingo kuelekea meza kuu, anataka kuona keki ikikatwa, anataka kuona ndafu ikiingia na wapishi wakicheza nayo. Shangazi aliyechanga laki mbili akaishia kutazama majani usiku kucha, hiyo si harusi tena, ni kesi ya ukoo.

Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea. Akatutengenezea stendi za bomba jembamba, sentimita 90 kwenda juu, zikiwa na sahani ya chuma kileleni na kitako chenye upana wa kisosi. Mama Mdogo alikipenda sana kitako hicho kwa sababu kilikuwa hakionekani. "Mama, hii inasimama hata bahari ikichafuka," fundi alisema, akaigonga kwa kidole. Kweli ilisimama. Ilikuwa tupu.

Sponji za maua zikanunuliwa, zile za kijani ambazo wauza maua wa mjini huziita oasisi, kwa jina la kampuni ya Marekani iliyozileta sokoni mwaka 1954. Tofali moja kavu ni jepesi kiasi kwamba upepo wa feni unaliburuta mezani. Likishanywa maji linakaribia kilo mbili. Nalo lina adabu zake: linawekwa juu ya maji na kuachwa lizame lenyewe, polepole, mpaka liwe rangi ya kijani kilichokoza. Kazi hiyo walipewa binamu zangu wadogo, na hakuna mtoto duniani anayeweza kuona kitu kinaelea kwenye beseni akakiacha kizame chenyewe. Waliyakandamiza yote chini ya maji, moja baada ya jingine, wakishindana nani anamaliza haraka. Wakasifiwa kwa bidii yao.

Jaribio la kwanza lilifanyika sebuleni, siku ya mechi ya Simba na Yanga, kwa kuwa ndiyo siku pekee wanaume wote wa nyumba walikuwa wamekaa sehemu moja bila kulazimishwa. Meza ikasogezwa, stendi ikawekwa, tofali la sponji likafungwa juu kwa utepe, Mama Mdogo akachomeka mawaridi aliyoyanunua mjini mpaka mpira ukajaa. Mjomba akaambiwa akae nyuma ya ua ili aseme kama anaona. Akasema anaona vizuri sana. Aliona vizuri kupita kiasi, maana goli lilipoingia aliruka, goti likagonga meza, na ua refu likainama mbele kwa heshima zote, taratibu, likamwagia runinga maji, kisha likaifuata lenyewe.

Kioo kikafanya mstari wa zambarau, halafu giza. Sebule nzima ikanyamaza. Kule kwa jirani watu walikuwa bado wanapiga kelele, na hatukujua kama ni za kushangilia au za kumtukana mshika kibendera. Mjomba alitoka mbio bila viatu kwenda kuuliza. Aliporudi alikuta Baba amekwisha kuanza somo.

"Juu kuna kilo mbili za sponji na maji yake, na mawaridi nayo kilo na ushei," Baba alisema, ameishika stendi iliyoanguka. "Chini kuna nini? Kisosi. Kitu kinasimama pale ambapo uzito wake unashukia ndani ya kitako chake. Kitako kikiwa chembamba, ukikisukuma kidogo tu uzito unatoka nje, na ukitoka nje haurudi." Akaisukuma stendi kwa kidole kuthibitisha. Mama Mdogo akaidaka.

Jioni mawaridi ya jaribio yakaanza kulegea shingo. Mama Mdogo akalaumu mwuzaji. Baba akachukua kisu cha jikoni, akalipasua tofali la sponji katikati, akatuonyesha: kingo zimeloa, kijani kilichokoza, na ndani kabisa kuna kipande kikubwa kilichopauka, kikavu, kinachotoka unga ukikigusa. Ukilikandamiza tofali, maji yanaziba nje, na hewa inafungiwa ndani. Shina la waridi linalofika pale kwenye hewa linakufa kiu ilhali limesimama kwenye maji. Yakapasuliwa mengine mawili. Hivyo hivyo. Na sponji iliyokwisha kulowa ikakauka, kuiloweka upya ni kazi bure, haishiki maji kama mara ya kwanza. Binamu zangu walikuwa wamekwisha kwenda kulala, jambo lililowaokoa.

Tatizo la kitako lilitatuliwa kwanza, kwa sababu lilikuwa la wanaume na lilihitaji kelele. Yakakusanywa makopo matupu ya rangi ya lita nne. Kopo la namna hiyo likijazwa zege linafika karibu kilo kumi. Fundi aliitwa tena, safari hii bila hadithi za bahari, akakata visosi vyote, na kila bomba likasimamishwa katikati ya kopo wakati zege likimiminwa. Kwa kuwa zege halilali, hata sisi hatukulala. Tulishika mabomba kwenye ua wa nyuma mpaka usiku, Baba akipita na timazi kukagua kama yamenyooka. Makopo yangevikwa satini nyeupe, na juu ya meza yangeonekana kama ndiyo mapambo yenyewe.

Mawaridi ya kazi yenyewe yaliagizwa Arusha. Kule kwenye miteremko ya Meru kuna ubaridi unaolikuza waridi polepole, kichwa kikawa kikubwa na shina likarefuka. Kisha linapakiwa ndani ya boksi, linapanda basi, linateremka zaidi ya kilomita 600 kuja kwenye joto letu la Desemba. Mpira wenye upana wa sentimita 40 hauridhiki na chini ya mawaridi 50, kwa hiyo maboksi niliyoyapokea pale stendi ya Magufuli, Mbezi, hayakuwa madogo. Tulikata ncha za mashina mshazari, tukapukutisha majani yote ambayo yangezama, tukayasimamisha kwenye ndoo zenye maji mengi.

Mama Mdogo akaziweka ndoo stoo, kwenye kiza na ubaridi. Wazo zuri, ila stoo hiyo hiyo ilikuwa na ndizi mbivu, mapapai na maembe ya meza ya matunda. Baba alinusa mlangoni akarudi mbio. Tunda linaloiva linatoa gesi, ethilini, ile ile inayofanya ndizi moja mbivu iziivishe nyingine ndani ya mfuko, na ua likiivuta gesi hiyo linazeeka kabla ya siku zake. Mawaridi yakahamishiwa chumba cha wazazi, penye kiyoyozi. Wazazi wakahamia sebuleni, mbele ya runinga isiyowaka.

Sasa tulikuwa na mawaridi, tuna vitako, hatuna pa kuchomeka. Maduka ya sponji yalikuwa yamefungwa. Bibi, aliyekuwa ametazama mambo yote haya kutoka mkekani bila kutoa neno, akauliza: "Kwani maua ya altareni zamani tulikuwa tunayasimamishaje? Si waya wa kuku?"

Mama alikuwa kwa fundi cherehani. Mama Mdogo alichukua koleo ya Baba, akaenda nyuma ya nyumba, na kwa muda mfupi banda la kuku likabaki nguzo. Wavu ukakatwa vipande, kila kipande kikakunjwakunjwa kuwa donge, kikatiwa ndani ya bakuli la plastiki lenye maji na kufungwa kwa utepe juu ya sahani ya stendi. Shina likipita kwenye tundu la juu, likanasa kwenye la kati, likatulia kwenye la chini, halichezi tena. Hukosei hata ukibadili mawazo: unachomoa waridi, unalirudisha kwingine, maji yapo palepale. Baadaye nilisoma kwamba Constance Spry, yule Mwingereza aliyesimamia mapambo ya maua Malkia Elizabeth II alipotawazwa mwaka 1953, naye alikuwa mtu wa waya wa kuku. Na tangu 2021 jumuiya kubwa ya watunza bustani ya Uingereza imepiga marufuku sponji kwenye maonyesho yake, kwa kuwa ni plastiki inayosagika na kubaki majini. Bibi hakushangaa nilipomweleza. Aliuliza tu Malkia alifuga kuku wa aina gani.

Siku ya harusi kirikuu ilipiga goti. Makopo kumi na tano ya zege ni karibu kilo 150, na mwenye cheo cha kubeba aliyashusha yote. Lakini yaliposimama mezani, yamevikwa satini, mawaridi yametanda juu ya vichwa na nafasi tupu chini yake, ukumbi mzima ulionekana: meza kuu, keki, mlango wa ndafu. Mashangazi wakaonana na kusemana kutoka meza hadi meza. Feni za kusimama zikavuma, majani yakatikisika, mabomba hayakutikisika. Mjomba, kwa amri ya Baba, aliketishwa tena nyuma ya ua refu. Ulipopigwa wimbo anaoupenda aliinuka na goti lile lile. Glasi mbili zilianguka.

Mwisho wa sherehe wageni walitaka kubeba maua, kama ilivyo desturi. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi alishika bomba, akavuta, akaangalia kama limefungiwa mezani, akamwita mumewe. Mume naye akavuta, akaheshimu. Wakachomoa mawaridi moja moja mpaka zikabaki nyavu. Hapo ndipo nilipoielewa bei ya yule mpambaji. Mgeni anaona mawaridi, lakini fedha inakwenda kwenye kitako, kwenye maji, kwenye usiku wa kukata mashina, na kwenye gari la kubeba usichokiona.

Wiki iliyofuata tulivunja kamati. Mweka hazina akasoma hesabu, akafika kwenye matengenezo ya runinga, akauliza aiandike wapi. Mama Mdogo akasema, "Mapambo." Hakuna aliyebisha. Kisha Mama akainuka. Kuku wake walikuwa wamelala kwa majirani tangu banda libomolewe, na kuku asiye na banda, alisema, ana mahali pamoja tu pa kwenda. Ndio hao tuliokuwa tunawala. Akaomba kamati imlipe kwa bei ya kuku wa kienyeji. Mtaa mzima unajua walikuwa wa mayai, lakini Mama Mdogo alikuwa ameshika paja mkononi, na koleo ilikuwa ya Baba, kwa hiyo kamati ililipa.