Rubini Yumo Ngeli Gani?

Wanasarufi wa Kiswahili wamegawanyika tangu zamani kuhusu namna ya kupanga ngeli za nomino. Kambi ya kwanza huangalia umbo: kiongozi, kiziwi na kifaru wote wanaanza na ki-, basi wakae pamoja na kiti na kisu. Kambi ya pili husema ngoja kwanza kitenzi kije. Kiongozi amefika, hajasema mtu kimefika, kwa hiyo huyo ni wa A-WA na mjadala umekwisha. Haujaisha, na wanafunzi wa sekondari wanajua alama ngapi wamezipoteza humo. Makala haya yanaupeleka mjadala huo kwenye jukwaa la opera la Italia, kwa mtu mmoja aliyekuwa na sifa zote za kuwavuruga wanasarufi: Giovanni Battista Rubini, tenori, aliyezaliwa Romano di Lombardia, karibu na Bergamo, mwaka 1794. Kwa walioimba kwaya za kanisani, tenori ni sauti ya tatu, wale wanaosimama nyuma na kuhisi kwamba hawathaminiwi.

Tuanze na umbo. Ushahidi wa waliomwona unakubaliana kwa namna inayomfurahisha mtafiti yeyote. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui, mwili umejaa, mikono haijui iwekwe wapi. Kwenye vipande vya kuimbwa na wengi pamoja alinong'ona tu, akijitunza, na mazungumzo yanayounganisha wimbo na wimbo aliyapitia kama karani anayesoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Inasimuliwa kwamba mtunzi Vincenzo Bellini, alipokuwa akimwandaa kwa ajili ya opera yake *Il pirata*, iliyofunguliwa kwenye jumba la La Scala mwaka 1827, alipandwa na hasira kwa kumwona amesimama tu, akamwambia kwamba hatumii hata nusu ya roho yake. Kwa kigezo cha mofolojia, basi, hakuna ubishi. Rubini ni KI-VI: kiti, kisu, kinyago. Kimesimama. Kimevaa joho.

Sasa kitenzi kije. Tarehe 6 Machi 1831, Teatro Carcano, Milan, ilioneshwa opera ya *La sonnambula* kwa mara ya kwanza, mwimbaji Giuditta Pasta akiwa Amina na Rubini akiwa Elvino, mkulima anayedhani mchumba wake amemsaliti kumbe binti wa watu anatembea usingizini. Mtunzi Mrusi Mikhail Glinka alikuwa Milan msimu huo, na baadaye aliandika kwamba waimbaji wenyewe walitokwa na machozi, na ukumbi mzima ukawa unafuta macho. Mtu hakililii kinyago. Kitenzi kuimba kilipomfikia, upatanisho ulibadilika papo hapo: kimesimama ikawa anaimba. Hoja ya makala haya ni kwamba Rubini ni ushahidi bora kuliko kiongozi na kifaru kwamba ngeli haijulikani mpaka kitenzi kifike, na kwamba waliomcheka kabla hajafungua kinywa walifanya kosa la kisarufi.

Hapa nichepuke kidogo, kwa sababu A-WA yetu ina neema ambayo Kiitaliano hakina. Kiitaliano hugawa kila kitu, hata meza, kuwa cha kiume au cha kike, halafu kinajikwaa mlangoni pa opera, maana neno soprano lenyewe kwao ni la kiume hata linapomtaja bibi mwenye vilemba na mapambo yote. Giovanni Battista Velluti, wa mwisho katika wale matowashi mashuhuri wa opera, alikuwa bado anaimba jukwaani miaka ya 1820, na magazeti ya London yalihangaika jinsi ya kumzungumzia. Pasta, aliyekuwa Amina, alikuwa pia shujaa Tancredi, mwenye upanga na wanajeshi nyuma yake. Rubini mwenyewe, inasimuliwa, alianza akiwa mtoto wa miaka 12 kwenye jumba la maonyesho la kwao akiwa amevishwa gauni, kwa nafasi ya mwanamke, na baada ya onyesho akaketishwa mlangoni kati ya mishumaa miwili apokee sarafu za watazamaji wanaotoka. Kwa Mswahili hakuna tatizo lolote. Aliimba, akalipwa, akaenda kulala.

Ngeli ya U-I inatupa mkataba na mtulinga, ambavyo katika maisha ya Rubini vinakwenda pamoja. Mkataba ulikuwa wa Domenico Barbaja, bwana wa majumba ya opera ya Napoli, aliyejipatia utajiri kwa michezo ya kamari iliyokuwa ikiendeshwa humo humo kwenye majumba hayo. Rubini aliingia mikononi mwake akiwa kijana, na hata alipokwenda Paris mwaka 1825 akawapagawisha watu kwa *La Cenerentola* ya mtunzi Rossini, Barbaja alimwita arudi kazini, naye akarudi. Mtulinga ni ule mfupa wa juu ya kifua, unaounganisha bega na kidari. Wasimulizi wa karne ile wanasema kwamba mwaka 1829, akiimba *Il talismano* ya mtunzi Pacini huko La Scala, kulikuwa na noti moja ya juu ambayo wasikilizaji waliidai irudiwe kila usiku. Usiku mmoja alijaza pumzi, akafungua kinywa, hakukutoka kitu. Akajaza tena, akasukuma kwa nguvu zake zote, noti ikatoka, na ndani ya mwili kitu kikaalika. Daktari aliyemgusa baadaye alikuta mtulinga umevunjika. Alishauriwa apumzike miezi. Aliuliza kama anaweza kuendelea kuimba hivyo hivyo mpaka kandarasi iishe, na akaendelea. Sina hakika kama daktari wa mifupa wa leo angekubali kwamba jambo hilo linawezekana. Kisarufi, hata hivyo, mpangilio ni sahihi kabisa: mtulinga umevunjika, mkataba haujavunjika.

Katika LI-YA namweka Luigi Lablache, mwimbaji wa besi, kwa sababu lilikuwa jitu kwa kimo, kwa uzito na kwa ukarimu, na ndilo lililomfundisha Malkia Victoria kuimba. Lablache, Rubini, Antonio Tamburini na Giulia Grisi ndio waimbaji wanne waliofungua *I puritani* ya Bellini kwenye Théâtre-Italien, Paris, tarehe 24 Januari 1835. Bellini alikufa Septemba mwaka huo huo, hajatimiza miaka 34.

PA-KU-MU nayo haikwepeki. Kuanzia mwaka 1831 Rubini aliishi kama korongo: majira ya baridi Paris, hali ya hewa ikianza kuchangamka anavuka kwenda London, mwaka unaofuata tena. Mwaka 1843 alizunguka na mpiga piano Franz Liszt, kisha akafika St. Petersburg, ambako mfalme wa Urusi alimpa cheo na fedha. Huko kote ni ku-, kusikoshikika. Pa- ilikuwa moja tu, Romano, mahali aliporudi tajiri na kufia tarehe 3 Machi 1854. Mu- ni mle kooni, ambamo hakuna aliyeingia.

Na humo ndimo ilimokaa sauti, ambayo ni ya I-ZI, na ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Neno sauti halibadiliki umbo: sauti moja, sauti mbili. Mwanamume akipanda juu na sauti ya kifua hufika mahali inapokataa, ikabidi ahamie sauti nyembamba ya kichwani. Mwalimu wetu wa kwaya alipaita mahali hapo "kwenye daraja bovu", na sote wa sauti ya tatu tulianguka hapo kila Jumapili. Rubini alivuka bila mtu kusikia ubao ukilia. Waliomsikia walishindwa kusema sauti ya kwanza iliishia wapi na ya pili ilianzia wapi. Ndiyo maana Bellini, katika sehemu ya tatu ya *I puritani*, alithubutu kumwandikia noti ya fa iliyo juu hata ya ile do ya juu ambayo tenori wengine walikuwa wakiiota. Je, ilikuwa sauti yake imepanda, au sauti zake zimepanda? Umbo la neno halisemi. Kwa mara moja tu katika historia ya ngeli, hata kitenzi hakikusaidia, maana sikio lenyewe halikujua liweke i- au zi-.

Aliyekata shauri alikuwa Mfaransa Gilbert Duprez. Mwaka 1837, huko Paris, katika *Guillaume Tell* ya Rossini, aliipeleka do ya juu yote kwa kifua, bila kuvuka daraja lolote. Watu walipiga kelele za furaha, Rossini mwenyewe hakupendezwa, na tangu hapo tenori anatarajiwa kuwa na sauti moja, i- kuanzia chini hadi juu. Ile fa ikabaki kwenye karatasi. Tenori wengi wanaoimba *I puritani* siku hizi huiruka na kuimba noti iliyo chini yake, na watazamaji huwapigia makofi vilevile. Luciano Pavarotti, aliporekodi opera hiyo na Joan Sutherland mwaka 1973, aliamua kuiimba. Anapanda na ile sauti yake pana inayong'aa, anafika darajani, na ghafla inatoka nyingine, nyembamba, ya kichwani, kama mtu mwingine amesimama nyuma yake. Sikiliza hapo. Sauti zimepanda. Ni mbili.